Mwanza–Bukoba kwa ndege km 174, kwa barabara zaidi ya 430? Naomba mnieleweshe wakuu

#1 Binti Kashai

Habari zenu wakuu. Naomba mnieleweshe kitu, hapa nyumbani tumebishana toka jana mpaka shemeji yangu kaondoka chai hajamaliza.

Mama yangu yupo Bukoba, ana miaka 71, na Jumatatu ya wiki ijayo ana kliniki Bugando. Mimi naishi huku Mwanza. Nimeshika simu nikapima toka uwanja wa ndege Mwanza mpaka uwanja wa ndege Bukoba, mstari ulionyooka unaleta kilomita 174. Nikibonyeza alama ya gari inaruka mpaka zaidi ya 430. Shemeji anasema simu imekosea, haiwezekani mahali ndege inafika dakika arobaini pawe na kilomita mia nne na ushee. Mimi najua ni ziwa ila nashindwa kumweleza akaelewa.

Na siulizi kwa ubishi tu. Mama meli hapandi toka 1996, mdogo wake alikuwemo kwenye MV Bukoba ilipozama. Ndege alikuwa anapanda vizuri, ila toka ile ya Novemba 2022 iliyoingia ziwani pale pale Bukoba hataki hata kusikia habari zake. Imebaki barabara, na mguu wake wa kushoto unavimba akikaa muda mrefu. Kwa hiyo hizo kilomita nataka nizijue za kweli.

#2 Sangara wa Kirumba

Mwangaluka dada. Simu yako haijakosea. Shemeji mpe ramani ya karatasi aangalie maji yalivyoingia nchi kavu hapa Mwanza.

#3 Rula na Bikari

Hii 174 mtu anaweza kuipata hata bila intaneti. Uwanja wa Mwanza upo kama digrii 2.44 kusini mwa ikweta, wa Bukoba digrii 1.33, tofauti digrii 1.11. Sasa angalia kwa upande wa mashariki na magharibi, Mwanza digrii 32.93, Bukoba 31.82, tofauti tena 1.11! Digrii moja huku karibu na ikweta ni kama kilomita 111 kila upande, kwa hiyo una mraba wa kilomita 123 kwa 123 na ndege inakata kona kwa kona. Piga Pithagorasi ya kidato cha pili utapata 174. Ndege inaelekea kaskazini magharibi kamili, hailali huku wala huku.

#4 Shemeji wa Watu

Mimi sio shemeji wa dada hapo juu ila namuunga mkono. Kama mraba ni 123 kwa 123 basi hata ukizunguka pembeni mwa mraba unapata 246. Hizo 430 zinatoka wapi? Mkuu #3 umemaliza upande wa ndege, upande wa gari umekimbia.

#5 Dereva wa Nyegezi

Hapo ndipo penyewe. Mimi nimeendesha basi njia hiyo miaka kumi na moja, nakuambia barabara haizunguki mraba, barabara inaanza kwa kukimbia Bukoba. Bukoba ipo kaskazini, wewe ukitoka Mwanza unaenda kusini. Unashuka mpaka Usagara, unakata kulia Kigongo, unavuka, Sengerema, Geita, na ukiwa Geita upo kusini kuliko hata ulipoanzia, kama kilomita 47 hivi chini ya uwanja wa Mwanza ukipima kwa wima. Yaani umeshatembea saa mbili na Bukoba imezidi kuwa mbali. Halafu ndio unaenda magharibi Bwanga, Buzirayombo, Chato, unatokea Kyamyorwa, pale ndipo unageuka kaskazini kweli kweli, Muleba, Kemondo, Bukoba.

Sisi tulikuwa tunahesabu kwa vipande. Usagara Geita 90, Geita Buzirayombo 100, Buzirayombo Kyamyorwa 120, hapo ni 310. Kyamyorwa hadi Bukoba mjini ni kama mia hivi. Ongeza Mwanza hadi Usagara. Jumla unaiona mwenyewe.

#6 Sangara wa Kirumba

Na watu wanasahau kitu kimoja, dada kauliza uwanja kwa uwanja sio stendi kwa stendi. Uwanja wa ndege Mwanza upo kaskazini mwa mji, Ilemela huko, kilomita kama kumi toka katikati. Stendi ya Nyegezi ipo kusini. Kwa hiyo gari likianzia uwanjani linatoboa mji wote kwanza, na ukikuta foleni ya jioni umekwisha. Bukoba ni kinyume, uwanja upo mjini kabisa pembeni ya ziwa, ukishuka na kibegi kidogo unatembea kwa miguu mpaka sokoni.

#7 Kipanga

Daraja la Kigongo–Busisi si limeshafunguliwa toka 2024? Nasikia limepunguza kilomita zaidi ya mia. Hizo hesabu za #5 ni za zamani.

#8 Dereva wa Nyegezi

Kipanga ndugu yangu, mawili umekosea. Daraja la JPM Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na halijapunguza kilomita hata moja ya maana. Limepita pale pale pantoni ilipokuwa inapita. Lina urefu wa kilomita 3, na pantoni nayo ilikuwa inavuka maji hayo hayo. Kilichopungua ni muda. Pantoni yenyewe ilikuwa nusu saa na kitu majini, lakini kuisubiri sasa! Nimewahi kukaa Busisi saa mbili na abiria wananiangalia kama mimi ndiye nimeificha. Sasa hivi dakika chache umevuka, hata mwenye kusinzia hajui.

#9 Kipanga

Nimekuelewa mkuu, asante. Basi nilichanganya muda na kilomita.

#10 Mwanafunzi wa Zamani

Hiyo ndiyo watu wengi wanachanganya hata maofisini. Unasikia "daraja limefupisha safari", mtu anadhani barabara imekatwa. Kilomita zilizokuwa zinafupishwa kweli ni kwa yule aliyekuwa anakataa pantoni. Mzee wangu alikuwa anaogopa maji, akitoka Mwanza kwenda Bukoba alikuwa anazunguka Shinyanga, Kahama, Runzewe mpaka Biharamulo. Hiyo ilikuwa zaidi ya kilomita 600. Kwa watu kama yeye daraja limekata kilomita zaidi ya mia. Kwa waliokuwa wanapanda pantoni limekata masaa.

#11 Shemeji wa Watu

Kwa hiyo kuna umbali wa aina nne mpaka sasa. Wa ndege 174, wa gari uwanja kwa uwanja, wa gari stendi kwa stendi, na wa mzee anayeogopa maji. Tutaelewana kweli?

#12 Mtoto wa Kemondo

Mmesahau wa meli. MV Victoria inaondoka Mwanza usiku inafika Kemondo na Bukoba alfajiri, na njia yake inakaribia ya ndege kuliko ya gari. Mimi mpaka leo meli ndio usafiri wangu. Unapanda na mkungu wako wa ndizi, unalala, unaamka unaona Kemondo. Mgongo haujauma. Dada #1 pole sana kwa ya 1996, nyumba yetu pia ilizika wawili, tarehe 21 Mei kila mwaka bibi yangu anafunga. Simlaumu mama.

#13 Binti Kashai

Asante mtoto wa Kemondo, poleni na nyie. Mama naye siku hiyo hapiki. Tunakula chakula cha jana.

Shemeji nimemsomea #5 akanyamaza, ila sasa kaja na swali jipya. Anasema kama ni kilomita 174 tu na ndege inakimbia zaidi ya 500 kwa saa, mbona tiketi imeandikwa dakika 40 au 45? Ilitakiwa iwe dakika 20. Anasema lazima ndege inazunguka Uganda.

#14 Wa Masaka

Haiji Uganda jamani tungeiona. Mpaka wetu na Tanzania kwenye ziwa ni digrii 1 kusini. Bukoba ipo 1.33, yaani kama kilomita 37 chini ya huo mstari. Mwanza iko chini zaidi. Njia yote ni maji ya Tanzania.

Ila niwape moja. Toka Bukoba mpaka uwanja wa Entebbe kwa mstari ni kilomita kama 167. Entebbe ni karibu kuliko Mwanza!

#15 Mtoto wa Kemondo

Wa Masaka unataka kutuchukua eh? Nimepima kweli nimepata 167. Kumbe ndio maana wazee wetu duka lao lilikuwa Kampala. Na kwa gari je?

#16 Wa Masaka

Bukoba Mutukula kama 80, Mutukula Masaka 90 hivi, Masaka Kampala 130 na kidogo. Mia tatu kwa jumla. Tofauti na ya Mwanza ni kwamba sisi barabara inafuata ukingo wa ziwa, haikimbii kwanza kurudi nyuma.

#17 Rula na Bikari

Swali la dakika 40. Shemeji anagawanya umbali kwa mwendo wa kule juu, lakini ndege fupi kama hii muda mwingi ipo kwenye kupanda na kushuka, haijakaa kwenye mwendo wake kamili. Halafu muda wa tiketi unaanza ndege ikisogea toka ilipopaki mpaka inaposimama, sio matairi yakiachia lami. Kutembea kwenye lami, kusubiri ruhusa ya mnara, kupanga mstari wa kutua, vyote vimo. Ndiyo maana hata ile Caravan ya injini moja inayokwenda kama 340 kwa saa haipitwi sana na ndege kubwa kwenye njia hii. Kubwa inakimbia zaidi sana lakini inaokoa dakika chache.

#18 Abiria wa Dirishani

Mimi nina maelezo tofauti na #17. Nimeruka hiyo njia zaidi ya mara ishirini kwa kazi, na nimeona kwamba ikitoka Mwanza mchana kweupe inafika haraka, ila za asubuhi zinachelewa, zinazunguka juu ya maji. Sio kupanda na kushuka, ni mawingu. Asubuhi Bukoba inakuwa imefunikwa. Ukikaa dirisha la kushoto unaona kisiwa cha Kome, Maisome kwa mbali, baadaye Bumbire, halafu ghafla huoni kitu, nyeupe tupu, na rubani anatangaza tutasubiri kidogo.

#19 Mwalimu wa Jografia Muleba

Hilo la asubuhi lina sababu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Upepo unatoka nchi kavu pande zote unaingia ziwani, unakutana katikati, hewa inapanda, mawingu ya radi yanajengeka usiku kuamkia alfajiri. Halafu upepo wa mashariki unayasukuma yote magharibi, na magharibi ni sisi. Ndio maana Bukoba inapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka na Mwanza inapata karibu nusu yake, wakati ni ziwa moja. Wanafunzi wangu nawatoa nje saa moja asubuhi wanaangalia wingu lilivyosimama juu ya maji kama ukuta, saa sita halipo.

Kwa hiyo #17 na #18 wote wana haki ila nadhani wingu lina uzito zaidi.

#20 Rula na Bikari

Mwalimu nakuheshimu ila ratiba ya dakika 40 imeandikwa hiyo hiyo mchana na asubuhi. Wingu haliwezi kuwa kwenye ratiba ya mchana.

#21 Mwalimu wa Jografia Muleba

Wapanga ratiba wanaweka akiba kwa siku mbaya.

#22 Rula na Bikari

Akiba ya kuzunguka juu ya ziwa huwezi kuiweka kwenye dakika kumi.

#23 Kipanga

Ile ya 2022 si ndio hiyo habari ya mawingu? Walikufa watu 43.

#24 Abiria wa Dirishani

Hapana Kipanga, tuwe waangalifu na hili. Ndani walikuwemo watu 43, waliofariki ni 19, waliookolewa 24. Ilikuwa Jumapili asubuhi tarehe 6 Novemba 2022, ilitoka Dar, haikutoka Mwanza, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mimi nilikuwa Bukoba siku ile, nilisimama ufukweni na mamia ya watu, mkia wa ndege unaonekana juu ya maji na kamba imefungwa, watu wanaivuta kwa mikono. Kina mama wamevua khanga wanawapa waliotolewa. Sipendi kuandika zaidi ya hapo.

Binti Kashai, mama yako akikataa ndege usimbembeleze. Kama nyumba yake inatazama ziwa, aliona.

#25 Binti Kashai

Aliona. Nyumba ipo mlimani.

#26 Fundi Injini

Poleni wote.

Niongeze la kiufundi kwa wanaopenda. Njia ya kurukia ya Mwanza imelala 12/30, ya Bukoba 13/31. Maana yake zote mbili zinatazama kusini mashariki na kaskazini magharibi, na safari yenyewe ni kaskazini magharibi. Ndege inaweza kunyanyuka Mwanza ikiwa imeshaelekea Bukoba, ikafika imenyooka na uwanja. Sio viwanja vingi vimekaa hivi. Ila upepo ukigeuka inabidi izunguke ije upande wa pili, hapo ndio dakika zinaongezeka. Kwa hiyo mimi sipo na mawingu wala kupanda na kushuka, mimi nipo na upepo.

#27 Shemeji wa Watu

Sasa tuna sababu tatu za dakika ishirini.

#28 Kisumu Dala

Wasee wa Mwanza, habari hii tunaijua sana upande wa Kenya. Kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita unaona taa za ng'ambo usiku, feri inakuvusha chini ya saa moja. Ukikosa feri unazunguka Kisumu, unashuka hadi Homa Bay ndio ufike Mbita, siku imeisha. Hilo ziwa halina haraka na mtu. Ila nauliza, mbona hamjataja Chato? Si kuna airport huko njiani?

#29 Dereva wa Nyegezi

Upo, uwanja wa Chato, una njia ya kurukia ya kilomita 3, unaupita kabisa ukiwa safarini. Ndio maana kuna abiria nilikuwa nawashusha hapo wakiwa na mabegi ya ndege. Na kuna habari ya siku nyingi ya kujenga uwanja mkubwa wa Kagera kule Omukajunguti, Missenyi. Ukijengwa huo basi hesabu yenu yote ya uwanja kwa uwanja inabadilika, sababu upo mbele ya Bukoba ukitokea Mwanza. Ndege itaongeza kidogo, gari litaongeza zaidi.

#30 Mtoto wa Kemondo

Omukajunguti nimeisikia toka nipo shule ya msingi, sasa nina watoto wanne. Waitu tusihesabu kilomita za uwanja ambao haujajengwa.

#31 Mama Wawili Geita

Nyie mnabishana mstari, dada kauliza habari ya mama na mguu. Mimi nimemsafirisha mama mkwe njia hiyo hiyo mara tatu kwa ajili ya Bugando. Nikupe nilivyofanya.

Basi usimpandishe la kwanza la usiku, mpandishe la asubuhi akiwa amelala vizuri. Kata siti ya mbele nyuma ya mlango, pale kuna nafasi ya kunyoosha mguu. Soksi za kubana avae kabla hajaamka kitandani, ukisubiri mguu umeshavimba haziingii. Mwambie kondakta mapema kabla gari halijatoka, sio njiani, kwamba kuna mgonjwa anatakiwa kushuka kutembea dakika tano kila kituo, wengi ni waelewa ukiwaambia mapema. Na asisafiri Jumapili kuamkia kliniki. Aje Ijumaa au Jumamosi, alale siku mbili kwako. Bugando ipo mlimani, hata kutoka getini mpaka ndani ni kazi kwa mguu mbovu.

Kama mna gari la familia ndio bora zaidi, lala Geita. Toka Bukoba mpaka Geita ni zaidi ya nusu ya safari. Nyumba yangu ipo, nakukaribisha, nitafute inboksi.

#32 Dereva wa Nyegezi

#31 umesema kweli tupu. Naongeza, vibao vya 50 ni vingi sana toka Kyamyorwa mpaka Bukoba kila senta, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Kwa hiyo usipige hesabu ya kilomita 430 gawanya kwa 80. Hiyo njia wastani wako halali ni 60 hadi 65. Safari ni saa saba bila kusimama, na mama lazima asimame. Weka tisa.

Zamani ilikuwa zaidi. Msitu wa Biharamulo mabasi tulikuwa tunasubiriana tusindikizwe na polisi kwa ajili ya majambazi, basi la nyuma likichelewa wote mnakaa. Umbali ulikuwa ule ule lakini unafika Bukoba usiku.

#33 Rula na Bikari

Binti Kashai ombi moja tu kama mkija na gari binafsi. Mwambie atakayeendesha aweke mita sifuri kwenye geti la uwanja wa ndege Bukoba. Akifika geti la uwanja Mwanza asome. Tutapata namba ya kweli hapa, maana mpaka sasa kila mtu ana yake.

#34 Sangara wa Kirumba

Mimi nasema itakuja 441.

#35 Kipanga

425.

#36 Mtoto wa Kemondo

Mtu anampeleka mama hospitali mnampa kazi ya kupima barabara.

#37 Binti Kashai

Haina shida jamani, kaka yangu ana Noah ndio atamleta, na yeye mwenyewe anataka kujua. Nimempa maelekezo. Wanatoka Ijumaa asubuhi, wanalala Geita kwa Mama Wawili, Mungu akubariki dada nimeshaongea naye. Nitaleta majibu.

#38 Kisumu Dala

Safari njema kwa mama.

#39 Wa Masaka

Tunasubiri.

#40 Binti Kashai

Wakuu nimerudi. Mama amefika Jumamosi saa tano asubuhi, leo Jumanne kliniki imeshapita, dokta amebadilisha dawa na amesema arudi baada ya miezi mitatu. Mguu ulivimba kidogo tu, soksi zimesaidia sana.

Sasa safari. Kaka anasema walipofika Busisi mama alikuwa ameshika rozari mkononi toka Sengerema. Amezoea pale mnashuka, mnasimama na mizigo, unanunua samaki wa kukaanga huku unaangalia pantoni kama imeshaondoka ng'ambo. Alivyoona nyaya za daraja akafumba macho, akaanza Salamu Maria. Anasema alikuwa bado yupo fungu la pili gari likashuka upande wa Kigongo. Akafumbua macho akamuuliza kaka, "Tumeshavuka?" Kaka akamwambia ndiyo mama. Hakuamini, akageuka nyuma kuangalia. Halafu akamaliza rozari yake yote ingawa maji yalikuwa yameshapita.

Kuhusu namba, kaka aliweka sifuri geti la uwanja Bukoba kama mlivyosema. Alipofika Bugando ilisoma 439. Ila hakufika uwanja wa Mwanza, mama alikuwa amechoka akamleta moja kwa moja Bugando kuona mapokezi ya Jumatatu yapo wapi, halafu nyumbani.

#41 Sangara wa Kirumba

439 Bugando! Ongeza kama 12 za uwanjani inakuja 451. Wote tumekosa.

#42 Dereva wa Nyegezi

Ngoja. Haiwezi kuwa 439 Bugando. Muulize kaka kama kuna mahali aliingia.

#43 Binti Kashai

Nimemuuliza. Anasema Chato aliingia ndani kutafuta chai na mama atembee kidogo, na Geita nyumba ya Mama Wawili ipo nje ya barabara kubwa.

#44 Mama Wawili Geita

Kwangu toka lami ni kilomita moja na nusu. Kwenda na kurudi tatu.

#45 Dereva wa Nyegezi

Na Chato kama aliingia mjini mpaka kule ufukweni hizo ni nyingine. Toa hizo zote utarudi kwenye hesabu yangu ya vipande.

#46 Fundi Injini

Na matairi ya hiyo Noah ni saizi ya kiwandani au amebadilisha? Tairi likiwa dogo mita inahesabu zaidi.

#47 Shemeji wa Watu

Aaah sasa tumeingia kwenye matairi.

#48 Binti Kashai

Matairi kabadilisha mwaka jana, saizi sijui, nitamuuliza akiamka. Mama anarudi Bukoba Alhamisi. Shemeji amesema safari hii anaenda nao, atakaa mbele aangalie mita mwenyewe.

#49 Rula na Bikari

Mwambie aanzie geti la uwanja Mwanza, na chai wanywe Geita pembeni ya lami, Chato wasiingie.

#50 Dereva wa Nyegezi

Na mama akae nyuma peke yake, mgongo kwenye mlango wa kulia, mguu aunyooshe juu ya siti. Mto wa kuwekea chini ya kisigino usisahau.